Arubuni

Noti tatu za elfu ndani ya kopo la majani ya chai,
arubuni ya watoto ambao mimba yao haijatungwa.
Changawa alizileta mwenyewe Jumapili,
akazihesabu mara mbili juu ya gunia la pumba:
"Nataka dume. Masikio yawe ya kusimama."
Baba mtarajiwa yuko Casuarina,
nyuma ya ukuta wa Mtaliano, ana kitanda na feni.
Mama ni huyu hapa,
amelala chini ya tangi la maji,
anajilamba mahali pasipokauka.

Nilimwita Watasema
mwaka ule walipouliza
mwanamke peke yake anafuga mbwa wa nini.
Kila nikimwita, jirani alikohoa.
Kuku mia na arubaini hulala kwa amani ya koo lake.

Machi alizaa.
Wa kwanza alitoka hai, wa pili kimya,
wa tatu akakwama tangu adhana ya alfajiri
mpaka watoto wa shule waliporudi kula.
Nilishika tochi, nikashika mkia,
nikashika kilichoshikika.
Wanne niliwazika nyuma ya choo
katika mfuko wa chakula cha kuku wa mayai.
Kisha homa, kisha usaha,
harufu iliyonifuata mpaka kwenye daftari la mauzo.

Daktari Mwaringa alimbonyeza tumbo
kama anayechagua papai.
"Akipandwa tena, huenda ikawa salama.
Huenda isiwe. Kizazi kina kovu.
Nikikitoa atanenepa kidogo, basi.
Elfu sita na mia tano, na siku kumi asiruke."
Akanawa mikono, akanyamaza,
ikawa zamu yangu.

Kaka yangu Jefwa ana hesabu yake:
watano, elfu nane kila mmoja,
mabati ya banda jipya.
"Mara moja tu. Mnyama hajui huzuni."
Na Bi Zuhura wa ng'ambo ya ua,
ambaye hulikusanya buibui lake akipita karibu naye,
ndiye aliyeniambia:
"Mate yake najisi, mwanangu. Roho yake si najisi."

Usiku nilimwuliza mwenyewe,
kwa Kigiriama,
maana Kiswahili humwamrishia tu: kaa, nyamaza, toka.
Akapiga mkia sakafuni mara moja.
Ungeweza kusema ni ndiyo.
Ungeweza kusema ni nzi.

Mimi pia niliwahi kuulizwa,
nimelazwa, ganzi imeshafika kiunoni.
Karatasi ilipita juu yangu, mkono hadi mkono,
na aliyetia sahihi alikuja na kalamu yake.
Sisemi alikosea. Nina watoto wawili, ni mzima.
Nasema sauti iliyojibu haikuwa yangu,
na dari ile mpaka leo naijua:
vigae kumi na saba, kimoja kimevimba kwa maji.

Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba najua anachotaka.
Naona tu kwamba akisikia madume ya mtaani langoni
huingia chini ya tangi, mpaka ukutani,
na usingizini huvuta miguu
kama anayekokota kitu.
Huo si ushahidi. Ndio nilio nao.

Alhamisi nilimrudishia Changawa noti zake.
Zilinuka chai. Akazihesabu tena mara mbili.
"Sasa mbwa asiyezaa ni wa nini?"
Nikatazama viatu vyake, jibu halikuja.
Nikamwambia kuna mayai, kama atapenda.
Alichukua trei moja, akalipa.

Dereva wa tuktuk alitaka gunia litandikwe kwanza.
Nikatandika.
Watasema akapanda bila kusukumwa,
akatoa kichwa nje, masikio yake ya kulala yakipepea,
na pale kona ya kutokea Muyeye
mwanamke wa kibanda cha mboga akauliza anaitwaje.
Nikamwambia.
"Kweli," akasema,
akaendelea kufunga mchicha.